Marehemu wa Karakana ya Makochi

Siku fundi makochi alipokubali kufa, alikuwa mzima wa afya, ana meno yake yote, na alikuwa ametoka kumaliza sahani mbili za wali. Tuanze hapo, maana wapo watakaodhani alikuwa mgonjwa au amechoka na dunia. Hakuwa mgonjwa, na dunia alikuwa anaipenda kupita kiasi.

Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kilichobanwa katikati ya duka la vioo na kinyozi. Ndani kulijaa vipande vya sponji, magunia, mabaki ya vitambaa, na harufu ya gundi iliyomfanya kila mgeni apige chafya kabla ya kusalimia. Nje, kando ya barabara, ndipo alipofanyia kazi yenyewe. Alilaza kochi chali, akalivua kitambaa cha zamani, akang'oa pini moja moja kwa koleo, huku akiimba kwa sauti mbaya ambayo hakuna aliyewahi kuwa na ujasiri wa kumwambia ukweli wake. Kazi hiyo aliianza kijana, kwa kufagia vumbi la sponji kwenye karakana ya fundi mwingine, na tangu hapo alijua siri za sebule za watu kuliko wapiga ramli. Tumboni mwa makochi alikuta vitana, funguo, hereni ya upande mmoja, na mara moja meno ya bandia ambayo mwenyewe alikuja kuyadai akiwa amefunika mdomo kwa kiganja.

Alikuwa na mke na binti mmoja. Binti yake alikuwa mdogo wa kimo na mkubwa wa akili, na tangu utotoni alipenda kusoma maandishi kwenye chupa za dawa. Baba yake alimbandika jina la Daktari, na mtaa mzima ukalifuata. Alipomaliza shule alipata nafasi ya kusoma ufamasia katika chuo kilichokuwa nyuma ya hospitali ya mji, karibu kiasi kwamba angeweza kurudi nyumbani kula mchana na kwenda zake. Ndilo jambo alilolitaka, na hakuwa na jingine.

Tatizo lilikuwa ada. Fundi angeuza cherehani ya karakana, mwaka wa kwanza ungelipika. Na wa pili je? Na bila cherehani, makochi ya watu angeyashona kwa meno?

Ndipo mwalimu mkuu alipowaita ofisini kwake, akafunga mlango.

"Iko taasisi ya kampuni moja ya bima," alisema. "Inasomesha watoto mpaka mwisho. Ada, malazi, chakula, hata nauli ya likizo. Ila wanasoma chuo chao, mji mkuu, na wanasoma bima."

"Hata bima si mbaya," fundi alisema.

"Na inachukua yatima tu."

Fundi akamtazama mkewe, mkewe akatazama sakafu.

"Yatima wa baba na mama?"

"Hata wa mmoja inatosha," mwalimu mkuu alisema, akiangalia dari. "Mimi sijawaambia kitu. Hayo mengine ni ya kifamilia."

Hebu mtu atueleze ni akili gani hiyo, ya kumwona mtoto wa fundi anayehangaika na baba yake hai, ukamwambia msaada upo, shida ni baba yako anapumua. Lakini wenye fedha ndio wanaoweka masharti, na walioweka hayo hawakuwa watu wabaya. Hilo ndilo lililotisha baadaye.

Nyumbani, fundi alinawa mikono, akakaa kitako, akasema kwa kicheko, "Basi mimi nife."

"Toa uchuro wako hapa!" mkewe aliruka. "Mtu hajichurii mwenyewe!"

"Sasa ufe wewe? Ukifa wewe nani atapika?"

"Baba wa mtoto, sitanii."

"Mimi pia sitanii. Miaka mitatu tu, mke wangu. Akimaliza, nafufuka. Siku ya mahafali nitaingia ukumbini kwa mguu wangu, watu wazimie."

Daktari alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Baba, mimi sitaki bima," alisema. "Nafasi ninayo tayari, chuo hiki hapa."

"Najua, mwanangu. Lakini hiki hapa hakilipiki. Soma kwanza wanachokulipia. Ukishakuwa na cheti mkononi, utachagua unachotaka."

Binti alilia, kisha akafuta uso, akasema sawa. Baba yake alimshika bega, akahisi amefanya jambo la kiume. Maskini, hakujua kwamba kuchagua kulikuwa kumekwisha pale pale sebuleni, chai ikiwa bado ya moto.

Mtaa mzima ulikula njama. Mwenyekiti wa mtaa, mshindani wake wa drafti, aliapa kwamba atathibitisha kifo, na kwamba atatokwa na machozi ikibidi. Mashati ya fundi, viatu vyake na wembe wake wa kunyolea vilihamishiwa kwa jirani wa ukuta mmoja. Mwenyewe pia alihamishiwa huko, akakalishwa kwenye kigoda, akaambiwa asikohoe.

Aliyekuja kukagua alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani, mpole, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Ukuta ulikuwa mwembamba. Fundi alisikia mwenyekiti akithibitisha kwa sauti nzito kama anatangaza matokeo ya uchaguzi, na nusura acheke. Kisha mama wa miwani akamgeukia binti.

"Pole sana, mwanangu. Baba yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Fundi akadhani mtoto amekwama, mambo yamemwagika.

"Alikuwa anapenda kuimba akifanya kazi," Daktari alisema taratibu. "Alikuwa hajui kuimba. Alikuwa akirudi, mikono yake inanuka gundi, na alikuwa akinishika kichwa kabla ya kunawa, mama anamgombeza."

Ukutani kule, fundi alitazama mikono yake. Hakuna mtu anayetakiwa kusikia akisimuliwa hivyo, na sauti ile haikuwa ya kuigiza. Kisha akasikia mkewe akilia, kilio cha kutoka tumboni, na mama wa miwani akilia pamoja naye.

Jioni mkewe hakumtazama usoni. "Mtoto alipoanza kusema," alimwambia, "nilikuona umelala kwenye sanda. Nilikuona kabisa." Tangu siku hiyo, fundi akichelewa kurudi hata kidogo, mkewe alimpigia simu, na akishapokea tu, mkewe alikata.

Nafasi ilipatikana. Daktari alisafiri na begi jipya lenye nembo ya taasisi, na fundi, ambaye hakuruhusiwa kuonekana kituoni, aliagana na binti yake karakanani, nyuma ya kochi lililosimamishwa wima.

Mafundi wenzake hawakulaza damu. Kesho yake tu kinyozi alimwamkia, "Marehemu, umeamkaje?" Mtaa ukavunjika mbavu, na fundi akacheka kuliko wote. Jina likashika. Mteja mmoja aliyetoka mbali alikuja kuulizia kochi lake, muuza vioo akamjibu bila kufikiri, "Marehemu katoka kidogo, anarudi sasa hivi." Yule mteja aliondoka mbio, na kochi lake alilifuata mkewe.

Lakini kufa, hata kwa utani, kuna kazi zake. Picha za familia, fundi hapigwi. Kila mwaka taasisi ilituma mtu kuwatazama wajane, na haikusema atakuja lini, kwa hiyo fundi alijizoesha kurudi kwake kwa uchochoro wa nyuma na kuchungulia dirishani kabla ya kuingia, nyumba aliyoijenga mwenyewe. Binti akija likizo, baba alihamia karakanani, akawa anaonana naye kwa kuibia. Mwaka wa kwanza alilichukulia kama mchezo. Alikuwa akisema, "Hesabu inapungua, nakaribia kufufuka."

Mwaka wa pili, siku moja mchana, simu ililia akiwa amebana misumari mdomoni. Alikuwa Daktari. Alikuwa akizungumza kwa kunong'ona, na nyuma yake maji yalikuwa yakitiririka.

"Uko wapi, mwanangu?"

"Bafuni. Baba, sikiliza. Jana wametukusanya ukumbini, sisi wote tunaosomeshwa na taasisi. Kuna kijana wa mwaka wangu, walimsimamisha mbele."

"Kafanya nini?"

"Mama yake yuko hai. Walimkuta sokoni anauza vitunguu. Wakampiga picha, wakatuonyesha ukutani, baba, kubwa, ukuta mzima. Alikuwa anacheka. Hakujua kama anapigwa picha."

Fundi alitema misumari kiganjani.

"Wamemfukuza chuo," binti aliendelea. "Wanataka arudishe kila kitu, na kesi iko polisi, yeye na mama yake. Na aliyekuwa anatuonyesha ni yule mama wa miwani. Alikuwa analia. Anasema inamuuma sana, lakini uongo wa kifo ndiyo kazi yao kuukamata. Ndiyo somo letu la muhula huu, baba. Namna ya kuwajua watu waliosema wamekufa."

Magari yalikuwa yakipita, kinyozi alikuwa akipiga soga na mteja, na kwa mara ya kwanza aliitazama barabara aliyoizoea, akajiuliza ni nani kati ya wapita njia wale ameshika simu vibaya.

"Rudi nyumbani," alisema. "Nitauza cherehani. Utasoma ufamasia wako hapa hapa."

"Nafasi ile ilishachukuliwa na mwingine. Na nikiacha sasa, watauliza kwa nini. Wakiuliza, watakuja." Maji yakazidi kutiririka. "Usinipigie tena, baba. Nitakupigia mimi."

"Sawa, Daktari."

"Na usiniite Daktari. Huku hakuna daktari."

Simu ikakatika. Fundi alikwenda kwa mwenyekiti, akamweleza, na jioni ile ile mwenyekiti alizunguka karakana kwa karakana akionya kwamba yule jamaa asiitwe tena Marehemu, jambo limekuwa zito. Wote wakaacha. Hilo nalo likawa baya kwa namna yake, kwani jina lake la zamani hakuna aliyethubutu kulitaja mbele ya wageni, na jipya lilipigwa marufuku, hivyo walimwita kwa kumpigia mbinja au kwa kusema "wewe bwana." Wiki moja alipita mtu mgeni akiuliza bei za makochi bila kununua, akipiga picha kochi moja baada ya jingine. Pengine alikuwa mnunuzi kweli. Fundi alijificha nyuma ya magunia mpaka alipoondoka, na hakuimba tena tangu siku hiyo.

Simu za binti zikapungua. Mwanzo zilikuwa kila mwisho wa wiki, kisha zikawa za kubahatisha. Akipiga, aliuliza afya ya mama yake kwanza. Fundi alijikaza. Alijiambia mtoto anaogopa, na mtoto anayeogopa anastahili kuvumiliwa. Kitu kimoja tu ndicho kilichomweka sawa: mahafali. Baada ya mahafali taasisi haina tena la kumfuatilia, na yeye atakaa mbele ya nyumba yake mchana kweupe, amwite binti yake kwa sauti, na binti amwitikie baba. Hakuomba zaidi ya hapo. Kila alipobana kitambaa kwenye mbao alilifikiria hilo.

Mwaka wa tatu ulipokaribia kwisha, mkewe alitoka uani akipiga vigelegele, simu ikiwa juu.

"Amepata kazi! Hata mtihani wa mwisho hajafanya, amepata kazi!"

"Wapi?"

"Kwa wenyewe! Kampuni imewachukua wote iliowasomesha. Wamewapa na masharti, lazima wafanye kazi pale miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kuondoka, lakini ni kazi ya kudumu, baba wa mtoto, kazi ya kalamu!"

"Idara gani?"

Mkewe alirudia kumuuliza binti, akasikiliza, na vigelegele vikamwishia mdomoni. "Madai ya vifo," alisema. "Chini ya yule mama wa miwani. Mama huyo kamwomba mwenyewe, anasema anampenda kama mwanawe."

Majirani walikuwa wameanza kujaa kumpongeza. Fundi alisubiri wamalize, wakaondoka, nyumba ikatulia.

"Basi mimi nitafufuka lini?" akauliza.

Mkewe alianza kuokota vikombe. Aliviokota vyote, akavipeleka nje, na hakurudi mpaka alipokwisha kuviosha.

Mahafalini alikwenda mama peke yake, na picha aliyorudi nayo inamwonyesha amekaa kati ya binti yake na mama wa miwani. Fundi aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama chakula kilikuwa kizuri. Kilikuwa kizuri.

Zikapita kama miezi minne. Jumamosi moja, jua likiwa kali, fundi alikuwa amekaa sebuleni kwake na fulana, miguu ameinyoosha juu ya stuli, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa ameanza kuzembea. Mtu hawezi kuishi amekunja shingo siku zote. Gari lilisimama nje, na kabla hajaweka kikombe chini mlango ulifunguliwa bila hodi, kama unavyofunguliwa na mtoto wa nyumbani. Akaingia binti yake, amevaa suti ya kijivu, amekuwa mwanamke mzima. Fundi alifurahi, ndiyo, kwa muda wa kufumba na kufumbua alifurahi tu, akafungua mikono. Kisha nyuma ya binti ikaja sauti ya upole.

"Hodi wenyewe! Tulikuwa tunapita, nikamwambia twende tukamsalimie mama."

Mama wa miwani alivua viatu, akaingia. Macho yake yalimkuta fundi, yakashuka kwenye fulana, kwenye miguu juu ya stuli, kwenye kikombe, yakarudi juu. Tabasamu lilikuwa bado pale, ila lilikuwa limetulia mno. Mke wa fundi alikuwa ametokea mlango wa jikoni, mwiko mkononi, na alisimama hapo hapo.

"Na huyu bwana ni nani?" mama wa miwani aliuliza.

Kwa siku hiyo fundi alikuwa amejiandalia uongo wa kila aina. Yeye ni shemeji, yeye ni jirani, yeye ni mgeni wa mwenyekiti. Wote ulimkauka. Kilichopanda kooni kilikuwa kile kimoja tu, mimi ni baba yake, na kilikuwa kimefika kwenye ulimi. Akamtazama binti yake. Kama angemwona anatetemeka angemwokoa kwa uongo wowote, na kama angemwona anamsihi aseme, angesema, liwalo na liwe. Alitafuta usoni mwake hofu, au huruma, au hata aibu. Hakuona kitu.

"Huyu ni fundi wetu wa makochi," binti alisema. Hakupepesa. "Mama amezoea kumpa chai akija."

"Ahaa, fundi! Kaa tu, baba, umalize chai yako."

"Nimeshamaliza, mama," fundi alisema, akasimama.

Shati lake lilikuwa chumbani, limetundikwa kwenye msumari, na fundi makochi hana la kufanya chumbani kwa mwenye nyumba. Akavaa ndara zake. Akamgeukia mkewe.

"Mama, basi nitakuja kumalizia siku nyingine."

"Haya, fundi," mkewe alisema, akageukia jikoni haraka.

Binti alimsindikiza mpaka mlangoni. Fundi alipunguza mwendo, akijua kwamba hapo, akiwa amempa mgeni mgongo, atamminya mkono, atamkonyeza, atafanya chochote. Binti alifungua mkoba, akatoa noti, akamnyooshea.

"Ya soda, fundi."

Aliipokea kwa mikono miwili. "Asante, dada," alisema, na binti alikuwa amekwisha kurudi ndani kumkaribisha mgeni wake.

Nje, dereva wa kampuni alikuwa ameegesha chini ya jua, injini inaunguruma. Alimwona mtu mwenye fulana akitoka, akashusha kioo.

"Samahani, mzee. Hapa ni kwa nani?"

"Kwa mjane mmoja," fundi alisema, akashika njia ya karakana.